Geuka Sasa, Ewe Mrithi wa Rufiji!

Simama kwanza! Wewe unayevuka Daraja la Mkapa umeegemea dirisha la basi la Mtwara, wewe unayesubiri boti ya Mafia pale Nyamisati, wewe uliyeko Dodoma na kibali cha safari ya nje mezani: simama, weka simu chini, nisikilize!

Hili nitakalokuambia unalijua. Ulilisikia kwa wazee, ulilisoma shuleni, umeliona kwa macho yako. Nchi haiheshimiwi ugenini kwa bunduki peke yake. Inaheshimiwa kwa jina lake, kwa mwenendo wake, kwa yale ambayo watu wa mbali wanayapenda kwake bila kushikiwa fimbo. Mmarekani Joseph Nye alipoyaandika hayo mwaka 1990 na kuyaita nguvu laini, wasomi wa dunia walimpigia makofi. Taifa lako lilikuwa limeshayatenda karibu miaka thelathini kabla yake!

Unajua, na unachelewa. Mtu asiyejua anasamehewa. Wewe utajitetea kwa lipi?

Njoo nikuonyeshe kwa mto wako mwenyewe.

Walikuja watu Rufiji na mizinga. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye mikoko ya delta. Waingereza wakaifuata, wakaziba milango ya mto, wakaleta ndege, wakaleta meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Julai 11, 1915 ikawa mwisho wake. Dola mbili kubwa zilitwangana juu ya vichwa vya watu waliokuwa na madungu yao ya kulindia mpunga, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote!

Kiko wapi leo kitisho kile? Chuma kimemezwa na tope. Moshi ulitawanyika. Muulize mtoto wa Salale jina la nahodha wa meli ile, uone kama analijua.

Wakaja wengine na daraja. Unakumbuka kivuko cha Ndundu? Wazazi wako wanakikumbuka! Mtu wa Kilwa, wa Lindi, wa Mtwara alifika ukingoni, akatazama maji, akasubiri. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la mita 970, na pamoja na fedha zetu wenyewe zilikuwamo fedha za Mfuko wa Kuwait na za Mfuko wa OPEC. Kuwait haikuweka askari hata mmoja Ikwiriri. Haikuhitaji! Kila lori la korosho linalopanda Dar es Salaam, kila mgonjwa anayekimbizwa Muhimbili, kila harusi inayosafiri kwa basi, inapita juu ya jina lake.

Wakaja wengine na daftari. Miaka ya 1990 shirika la utafiti la Kanada, IDRC, lilishirikiana na Wizara yetu ya Afya, na Rufiji ikawa mojawapo ya wilaya mbili za majaribio. Walifanya nini? Vijana wetu walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, amekufa na nini. Kisha halmashauri ikaambiwa: pelekeni fedha kwenye yale yanayowaua watu wenu kwa wingi, msizipeleke penye mazoea. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache! Fedha za nyongeza zilikuwa kidogo mno. Kazi ilifanywa na Watanzania. Lakini habari hiyo ilipozunguka duniani, Kanada ilizunguka nayo, na mpaka leo mwenye kusimulia afya ya Rufiji lazima aitaje.

Umeona? Mizinga imezama, daraja limesimama, daftari linasomwa. Na bado hujasikia habari kubwa kuliko zote.

Panda na mto, upite Utete, upite Mloka, ufike korongoni. Pale pamesimama Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Nani amelijenga? Wamisri! Kampuni ya Arab Contractors na kampuni ya Elsewedy Electric zilitia saini mkataba Desemba 12, 2018, na Waziri Mkuu wa Misri, Mostafa Madbouly, alisafiri kutoka Cairo kuja kushuhudia saini hiyo pamoja na Rais John Magufuli.

Jiulize, ndugu yangu! Waziri Mkuu mzima alifuata nini? Rufiji haimwagi hata tone moja kwenye Mto Nile. Maji yake yanakuja kwako, yanapita Kibiti, yanaingia baharini mkabala na Mafia.

Alifuata jina. Sikia jinsi ilivyokuwa.

Misri inaishi kwa Nile. Mkataba wa mwaka 1929, uliofungwa Mwingereza alipokuwa bwana wa nchi hizi, uliipa Cairo sauti ya kukataa ujenzi wowote juu ya mto ambao ungepunguza maji yake. Julai 1962, uhuru wetu haujatimiza hata mwaka, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan: mkataba huo hautufungi. Mei 14, 2010 pale Entebbe, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kutia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile, mkataba ambao Misri ilikuwa imeukataa waziwazi. Ethiopia nayo mwaka uliofuata ikaanza bwawa lake kubwa juu ya Nile.

Basi Misri ingefanya nini kwetu? Itutishe? Itununie? Ifunge ubalozi? Ilituma wahandisi! Ilikuja kujenga bwawa kwenye mto mwingine kabisa wa nchi ya bonde la Nile, kisha ikageuka kuiambia dunia: mnaona, sisi hatupingi maendeleo ya Waafrika, hatupingi mabwawa, tunayajenga kwa mikono yetu. Hiyo ndiyo siasa ya nje iliyopevuka. Hakuna risasi, hakuna kitisho, hakuna kelele.

Na fedha? Fedha ni zetu! Zaidi ya shilingi trilioni 6.5, kodi ya muuza nazi wa Bungu imo humo, ushuru wa korosho wa Mkuranga umo humo. Tumelipa sisi, na Cairo ikavuna jina.

Siwalaumu Wamisri. Wamefanya kazi iliyowaleta, na umeme unawaka. Nakulilia wewe, uliyetazama bwawa lile ukaona nyaya tu! Ulipaswa kuona darasa. Mbona wao wamejua kujenga jina kwa fedha za mwingine, nasi tunapoteza jina tulilojengewa na wazee wetu bure?

Maana sisi ndio tuliokuwa walimu wa jambo hili! Usijifanye umesahau.

Kabla ya ubalozi wowote, delta hii ilikuwa na ubalozi wake. Boriti za mikoko zilikatwa kwenye vijito vya Rufiji, zikapakiwa majahazini, zikaezekea nyumba za Zanzibar, za Oman, za Ghuba yote isiyo na miti. Mtu wa kule alilala chini ya dari la Rufiji, akatazama juu kila usiku, akajua kuna nchi ya neema kusini. Biashara ile ilikuwa na machungu yake, mikoko iliumia, na mwaka 1987 serikali ikapiga marufuku ukataji. Lakini jina lilikuwa limefika.

Kisha tukapata uhuru tukiwa maskini. Hatukuwa na manowari, hatukuwa na mafuta, hatukuwa na dola za kumwaga. Tulikuwa na mlango, na tuliufungua! FRELIMO ya Msumbiji ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 mpaka ilipomaliza kazi yake 1994. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa kipaza sauti wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa Msumbiji, wa Namibia, na watu wakasikiliza gizani kwa siri, redio imefunikwa nguo, kwa sababu kukamatwa nayo kulikuwa kifungo. Nani leo anaisikiliza Tanzania kwa hamu ile?

Mavuno yake umeyala wewe. Mwaka 2004 Rais wa Msumbiji, Joaquim Chissano, alisimama mbele ya wakuu wa Umoja wa Afrika akahutubia kwa Kiswahili. Nani alimlazimisha? Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ikakifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021 UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Ulishangilia, ulicheza, ulivaa fulana! Lakini hayo yalipandwa na watu ambao wengi wao wako makaburini. Wewe umepanda nini?

Sasa fungua masikio, maana nafika kwenye hatari.

Wakati wengine wakijenga jina lao juu ya mto wetu, sisi tuliliacha letu lichafuke hapahapa Kibiti. Unakumbuka miaka ile. Mwenyekiti wa kijiji anapigwa risasi mlangoni kwake. Mtendaji analala porini kwa hofu. Aprili 13, 2017 polisi wanane wakauawa kwa mkupuo mmoja. Wake zao wakalia, watoto wao wakalia, na nchi nzima ikajifunza jina Kibiti kwa damu. Nawalilia askari wale mpaka leo, nao hawakuwa wa mwisho kuliliwa.

Kisha Novemba 2017 akatoweka Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiripoti mauaji hayo hapahapa Kibiti. Alitoka, hakurudi. Ukadhani ni habari ya nyumba moja? Julai 2019 waziri wetu wa mambo ya nje alipoketi kuhojiwa na BBC, hakuishia kuulizwa habari za biashara na utalii. Aliulizwa: Azory yuko wapi? Na jibu lake likazua maswali mengine, yakaenea dunia nzima!

Hebu lishike hili, lishike kwa mikono miwili! Mtu mmoja wa Kibiti alikuwa na uzito kuliko hotuba zote za mabalozi wetu mwaka ule. Huwezi kumzima raia kijijini ukamwasha balozi Geneva. Huwezi kumnyamazisha mwandishi ndani ukatamani kusikilizwa nje. Huwezi!

Na tulijifunza? Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam, watu wakauawa. Waangalizi wa SADC, jumuiya ambayo mbegu yake ilipandwa Arusha mwaka 1979, walisema katika taarifa yao ya awali kwamba katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao. Hawakuwa wazungu hao. Walikuwa wana wa nchi tulizozifungulia mlango!

Inaniuma kuandika hivi. Lakini nikinyamaza nitakuwa mwongo.

Usiniambie bado kuna muda. Dunia inabadilika ukitazama! Machi 2025 serikali ya Marekani iliinyamazisha Sauti ya Amerika, idhaa iliyotangaza kwa Kiswahili tangu 1962. Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, na zahanati zilizokuwa zikiegemea mkono wake zikabaki zikitazamana. Mtu aliyeshika masikio yetu kwa zaidi ya miaka sitini ameyaachia kwa siku moja. Masikio hayakai matupu! China inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na katika mkoa huuhuu wa Pwani, pale Kibaha, imesaidia kujenga shule ya uongozi ya vyama sita vya ukombozi, iliyofunguliwa Februari 2022. Wengine wanakuja nyuma yake. Wote wanajua Kiswahili chako kina thamani, isipokuwa wewe.

Mkulima wa Rufiji, wewe unafahamu mlau. Mto unafurika, maji yanapungua, udongo unabaki na unyevu. Unapanda siku hiyohiyo! Hungoji pembejeo, hungoji semina, hungoji mgeni rasmi. Ukichelewa wiki chache udongo umepasuka, na mbegu yako ni chakula cha kanga. Basi maji ya dunia yamepungua leo, na unyevu upo. Jembe lako liko wapi?

Utasema: mimi ni mvuvi wa kamba tu, siasa ya nje inanihusu nini? Inakuhusu! Mgeni anayekwenda Mafia kuwaona papa potwe anapita Nyamisati. Anashuka kwenye gari, vijana watano wanalivamia begi lake, mmoja anataja bei, mwingine anaipandisha, wa tatu anamtukana kwa lugha anayodhani haijui. Yule mgeni atarudi kwao na kusimulia. Mwenzake atakayekaribishwa kwa kiti cha kivulini, akaambiwa nauli ya kweli, akaonyeshwa mahali pa kuweka mguu ili asiteleze gatini, naye atasimulia. Wewe ni balozi, hata kama hujawahi kuiona pasipoti!

Utasema: mimi ni mwalimu wa darasa la saba, nina vipindi vingi. Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo, na vita vya Majimaji vikawaka kusini yote. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa ukatili wa Wajerumani. Ujerumani imejua kuwa hata kuomba radhi kunajenga jina! Nawe uliye jirani wa Mohoro, wanafunzi wako wanaweza kusimulia kilichotokea pale? Wapeleke! Waandikishe! Wafanye waimbe, waigize, wapige picha! Usingoje mtu wa Berlin aje kukutengenezea filamu ya babu yako kisha akuuzie tiketi.

Utasema: mimi ni ofisa wa serikali, sera inaandaliwa. Imekwisha andaliwa! Mei 19, 2025 ilizinduliwa toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje, na Kiswahili kimo ndani yake. Karatasi ipo, saini ipo, hotuba ilitolewa. Peleka walimu! Fufua idhaa ya nje, iwe redio, iwe ya kwenye simu, lakini isemwe kweli humo, maana hakuna anayewasha redio kusikia sifa za mwenye redio.

Na mafuriko yalipopiga Rufiji na Kibiti mwaka 2024, mahindi yakazama, nyumba zikaelea, ubishi ukazuka kama bwawa limepunguza maji au limeyaongeza. Nani alisimama kusema kwa sauti ya mwananchi wa Mohoro na wa delta? Wataalamu wa mbali walisema. Wanaharakati wa mbali walisema. Hii ni ardhi oevu iliyoandikishwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2004, hii ndiyo mikoko mingi kuliko popote katika pwani ya Afrika Mashariki, na wenye nchi walikuwa juu ya mapaa wakisubiri mtumbwi na wakisubiri kusemewa. Aibu! Aibu kwetu sote tuliosoma!

Geuka sasa. Usigeuke mwaka wa fedha ujao, usigeuke baada ya masika, usigeuke akija kiongozi mwingine.

Mkutano mkuu wa kijiji chako unakuja. Nenda, hata kama posho haipo. Kaa mbele. Wakisema kuna la ziada, simama na uulize mambo matatu. Lini watoto wetu watafundishwa habari za Mohoro na za mto huu? Nani anatusemea sisi wa delta, Dodoma na ng'ambo, maji ya bwawa na mikoko yetu vinapojadiliwa? Azory Gwanda yuko wapi? Usiketi mpaka mwenyekiti ajibu, na kama hana jibu, mwambie mtendaji aliandike swali kwenye muhtasari, neno kwa neno, na kulipeleka wilayani kabla ya Ijumaa!